Sanduku la Maswali: Jinzi za Mitumba, Rafia ya Wakuba na Karatasi za Ndugu

Barua nyingi safari hii zimetoka Lubumbashi, kwa ndugu wanaoshona nguo mpya kutoka vitu vilivyokwisha kuvaliwa. Tumefupisha baadhi yake. Majibu yametoka kwa mafundi na wakata patroni (violezo vya kukatia nguo) wa ukurasa huu.

Tuko watatu, ndugu mkubwa na wadogo zake wawili. Tunanunua jinzi za mitumba soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, tunashona majaketi yenye michoro ya kwetu mgongoni. Kila jaketi linatoka tofauti: moja linavuta upande, jingine likifuliwa linakunjamana. Wateja wanaagiza kwa picha ya WhatsApp, nguo ikifika wanaikataa. Tufanye nini? — Wandugu wa Katuba

Mteja aliyeagiza kwa picha amenunua ile picha. Kwa hiyo amueni kwanza nini hakitabadilika hata suruali zikibadilika kila wiki. Sisi tungeshika mambo mawili tu: patroni, na mpangilio wa giza na mwanga. Buluu yenyewe iacheni, maana jinzi mbili za mitumba hazilingani rangi. Lakini mkikata shauri kwamba mabega ni giza, kifua na mgongo ni kati, mikono na pindo ni mwanga, majaketi kumi yataonekana ni watoto wa tumbo moja japo yametoka kwenye suruali thelathini. Andikeni mpangilio huo kwenye karatasi ngumu, mbandike kipande cha kila fungu la rangi, mtundike ukutani mbele ya anayekata.

Kuchambua rangi kufanyike mchana, nje, kivulini. Balbu ya njano huficha tofauti, na kesho yake mkono mmoja unaonekana umepauka.

Baada ya rangi chambueni uzito. Kateni kipande cha sentimita 10 kwa 10 karibu na pindo la mguu, mkiweke kwenye mizani ndogo ya dijitali. Kikiwa na gramu 3.4, kitambaa chenu kina gramu 340 kwa mita mraba, nacho kinafaa jaketi la kawaida. Chenye gramu 4.5 ni kizito, kiende kwenye mifuko na mikoba. Msiunganishe viwili hivi bega kwa bega: kile kizito kitavuta mshono, chepesi kitafanya mawimbi.

Jaribio la tatu ndilo linaloeleza kukunjamana kwenu. Wekeni alama mbili zenye umbali wa sentimita 10 kwa upana wa kitambaa, mvute. Zikifika 10.5 au zaidi, kitambaa kina nyuzi za mpira. Jinzi za kike za kubana karibu zote ziko hivyo. Ukiishona jinzi ya mpira na ya pamba tupu katika jaketi moja, siku ya kwanza zinakaa sawa. Zikifuliwa na kuanikwa, ile ya mpira inarudi nyuma na nyingine inabaki palepale. Hakuna pasi itakayonyoosha hilo. Tengeni jinzi za mpira kabisa, muwe na bidhaa nyingine kwa ajili yake, kama sketi.

Kuvuta upande kuna sababu yake. Kwenye jinzi ya kawaida nyuzi za buluu ndizo mtande, yaani za urefu, na nyeupe ni mshindio. Suruali iliyofuliwa mara nyingi huwa imejizungusha mguuni, hivyo mshono wa ubavu hauko tena sambamba na mtande. Anayekata kwa kufuata mshono anakata hanamu, yaani mshazari, bila kujua. Chomoeni uzi mmoja mweupe kwenye ukingo, mtaona mstari wa kweli wa upana. Wekeni patroni kwa kuufuata huo. Kipande kimoja kikikosea digrii chache si tatizo. Vipande vinne vikikosea upande uleule, jaketi zima linageuka mwilini.

Sasa hesabu ya kitambaa. Suruali ya kiume saizi 34 hutoa takriban mita mraba 0.55 zinazotumika, ukiondoa goti lililochakaa, mapaja yaliyolika na mifuko. Jaketi fupi la saizi ya kati lina takriban mita mraba 1.4 za uso. Wengi hukata miraba midogo kwa sababu inapendeza machoni. Mraba wa sentimita 15 uliokamilika unahitaji kukatwa 17 kwa 17, kwa hiyo katika kila kipande zaidi ya sehemu moja ya tano inapotelea kwenye mishono. Jaketi litameza suruali nne. Mkikata vipande virefu kama mbao, sentimita 17 kwa 72, suruali tatu zinatosha na mishono inapungua sana. Tunapenda vipande virefu kwa sababu nyingine pia: mgongo unabaki na uwanja mpana wa kuweka mchoro wenu, badala ya mchoro kupigana na viraka.

Msifumue mishono ya zamani. Kufumua suruali moja vizuri huchukua karibu nusu saa. Kateni kwa mkasi kando ya mshono, mpoteze sentimita moja, mmalize kwa dakika saba. Kabla ya hapo fueni kwa maji ya moto, mkaushe, mpige pasi ya moto sana ndani na nje. Kanda hii ina inzi anayetaga mayai kwenye nguo zinazoanikwa nje, na funza wake huingia ngozini. Joto la pasi ndilo linaloua mayai, hasa kwenye mishono minene. Halafu sugueni kitambaa cheupe chenye unyevu mara kumi juu ya jinzi ya giza. Kikitoka buluu, fueni tena peke yake. Siki na chumvi hazishikishi buluu ya jinzi, ingawa kila mtaa una mtu atakayewaapia kwamba zinashikisha.

Sindano: namba 100/16 kwa kazi ya kawaida, 110/18 mahali tabaka zinapofika sita au zaidi. Gongeni mshono mnene kwa nyundo juu ya ubao kabla ya kuupitisha kwenye mashini, na hapo zungusheni gurudumu kwa mkono. Uzi uwe wa poliesta, hatua ya mshono milimita 3, na hatua 3.5 hadi 4 kwa mshono wa juu unaoonekana. Msifanye mshono wa kukunja mara mbili kama wa kiwandani. Fungueni mshono kwa pasi, kisha pitisheni mistari miwili juu. Unapendeza vilevile na haujengi kilima.

Jaketi letu tunaliuza dola 35 na linakwenda, lakini mwisho wa mwezi sanduku ni tupu. Duka moja la mjini linataka kutuuzia kwa kukata asilimia 30. Tukubali? — Mdogo anayeshika daftari, Kampemba

Kwa bei hiyo, hapana. Tuchukue takwimu za mfano, nawe uweke zako. Suruali tatu kwa dola 2 ni 6. Bitana ya kitenge 4, zipu 1, uzi na sindano 1, vifungo 1.5. Jumla 13.5. Ongeza asilimia 10 ya vitu vinavyoharibika, yaani 1.35. Kodi ya chumba, mkaa wa pasi au mafuta ya jenereta siku umeme ukikatika: 3 kwa kila jaketi. Kazi: tukisema saa 11 kwa dola 1.2, ni 13.2. Jaketi limekula dola 31.05. Ukiuza mwenyewe kwa 35 unabakiwa na karibu dola nne, nazo ndizo zinazotakiwa zinunue mashini ikivunjika. Duka likikata asilimia 30, mkononi mwako inarudi 24.5. Unamlipa mteja avae.

Gawa 31.05 kwa 0.7: dola 44.4 ndiyo bei ya dukani ambayo hupati wala hupotezi. Faida inaanza juu ya hapo.

Tunashuku daftari lako halina mstari wa kazi. Ndugu wengi hawajilipi, basi wanadhani kazi ni bure, na bei yao inavunjika siku ya kwanza ya kuajiri fundi wa nje. Jambo jingine: ukinunua balo, gawa bei yake kwa suruali ulizotumia. Balo la suruali 70 lililotoa 45 nzuri linagawanywa kwa 45. Zile 25 zilizobaki ukiziuza, ziandike kama mapato ya pembeni.

Tulishona kipande cha rafia ya Wakuba mgongoni mwa jaketi. Mteja alilifua kwa mashini. Rafia imekauka kama gamba, nyuzi zinatoka, na wekundu umeingia kwenye bitana. Je, tulinunua rafia mbaya? — Dada wawili, Kamalondo

Rafia haina kosa. Ni nyuzi za jani la mti wa rafia, hazijasokotwa kama pamba; zikiloweshwa zinavimba, zikikauka zinakakamaa, na jinzi iliyo chini yake inarudi kwa kipimo kingine. Katika nchi ya Wakuba, huko Kasai, wanaume hufuma kitambaa na wanawake hukitarizi. Manyoya yale mafupi yanayong'aa hayana fundo lolote: uzi umepitishwa chini ya ufumaji na kukatwa juu, unashikwa na mkazo wa kitambaa peke yake. Ukikata kipande katikati bila kukifunga kingo, mkazo unalegea na manyoya yanatoka moja moja. Wekundu wa asili nao mara nyingi ni unga wa tukula, yaani mti mwekundu, ambao haukuundwa kustahimili sabuni.

Fanyeni hivi. Kabla ya kukata, pitisheni mishono miwili ya hatua milimita 2 kila upande wa mstari mtakaokata. Kateni kati yake. Nyuma wekeni pamba nyembamba, muishikize kwa mkono kila sentimita tano au sita, na kingo mzifunge kwa utepe wa hanamu wenye upana wa sentimita 2.5. Kisha msishone kipande hicho kwenye jaketi. Kiwekeeni vifungo vya kubana, sita kwa kipande cha 30 kwa 40, ili kitoke kabla ya kufua. Kwenye lebo andikeni wazi: toa rafia, fua jaketi, rafia isafishwe kwa brashi laini kavu. Mteja atafurahia pia kuwa na jaketi mbili ndani ya moja.

Na tafadhali msikate vitambaa vya zamani. Sketi ndefu ya sherehe iliyorithiwa ina thamani kubwa ikiwa nzima kuliko ikiwa mifuko kumi. Nunueni vipande vipya vilivyofumwa kwa ajili ya kuuzwa, mtie bei ya mfumaji ndani ya hesabu zenu bila kubana.

Karibu na kwetu kuna magunia makubwa yaliyotoka migodini, bei yake ni ndogo sana. Pia ovaroli za wafanyakazi wa kiwanda. Tunaweza kushona mikoba? — Kijana wa Ruashi

Magunia hayo yaacheni. Yaliyobeba haidroksidi ya kobalti au kemikali yana vumbi lililojificha katikati ya ufumaji, na kufua hakutoshi kulimaliza. Kobalti husababisha mzio wa ngozi, na vumbi lake lina madhara kwenye mapafu. Anayekata na kushona ndiye wa kwanza kulivuta.

Ovaroli zinategemea zilifanya kazi wapi. Za karakana ya magari ni mafuta tu, zinafulika. Za karibu na asidi mzijaribu: pigeni pasi ya moto kwenye mguu mmoja wa pamba. Madoa ya kahawia yakitokea palipokuwa safi, asidi imo ndani, na pamba hiyo itapasuka baada ya kufuliwa mara chache.

Magunia ya plastiki ya mchele na sukari yanafaa. Sindano 90/14, hatua ya milimita 4, kwa sababu matundu yaliyobanana hukata plastiki kama stempu. Msiweke pasi moja kwa moja. Plastiki hiyo huyeyuka karibu na digrii 160. Jua nalo huifanya ivunjikevunjike, kwa hiyo mkoba wa gunia bila bitana ya kitambaa hauna maisha marefu.

Tunataka vifungo vya shaba vya kugongwa kwa mkono, tupate kitu cha Katanga kweli. Vinaacha kijani kwenye nguo nyeupe. — Msomaji, komini ya Kenya

Kijani ni shaba ikikutana na jasho na unyevu. Vanishi ya kucha husaidia wiki chache kisha inabanduka. Njia ya uhakika ni vifungo visivyoshonwa kabisa: kila kimoja kiwe na kitanzi nyuma, kipite kwenye tundu la nguo na kushikwa na pini, vitolewe kabla ya kufua. Kwenye nguo nyeupe msiviweke.

Bati la shaba la milimita 0.8 linatosha kwa kifungo cha milimita 20. Shaba ikigongwa inakuwa ngumu. Ikianza kupasuka kingo, ipasheni moto hadi iwe nyekundu hafifu, mkiangalia gizani, kisha itumbukizeni majini. Inarudi kuwa laini. Mkichagua vifungo vya matundu, matundu yawe ya milimita 2 na yasuguliwe ndani kwa msasa, la sivyo yanakata uzi na mteja atalaumu mshono.

Msichome nyaya kupata shaba. Moshi wa plastiki yake ni sumu. Chuneni kwa kisu. Na mnunue kwa risiti, maana waya usiojulikana ulikotoka unaweza kuwaletea polisi mlangoni.

Je, tunaruhusiwa kutumia croisette, lukasa ya Waluba, na ndege wa Pili Pili Mulongoy kwenye fulana na mabegi? — Mwanafunzi wa sanaa

Hivi vitatu havilingani. Croisette, ule msalaba wa shaba uliotumika kama fedha, ni urithi wa wote na haina mwenyewe. Angalia rangi tu. Misalaba mitatu pamoja na nyekundu, nyeupe na kijani ni bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960, na mtu akiivaa barabarani watu watasoma siasa. Msalaba mmoja, kwa uzi wa rangi ya shaba, haumsumbui yeyote.

Lukasa ni ubao wa kumbukumbu wa chama cha Mbudye, watunza historia wa Waluba. Shanga na simbi zimepangwa zibebe habari za wafalme, safari na mahali. Ukizitawanya kwa kupendeza umeandika barua isiyosomeka. Nenda kwa wazee wanaojua, chagua mpangilio mmoja unaoweza kuueleza, au chukua mbinu peke yake: ushonaji wa shanga wa saizi tofauti juu ya uso mweusi. Hiyo inatosha kutambulika.

Pili Pili Mulongoy alikuwa mmoja wa wachoraji wa karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés hapa mjini mwaka 1946. Ndege na samaki wake ni kazi ya msanii, na haki za msanii katika sheria ya Kongo hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Miaka hiyo haijaisha. Bila ruhusa ya familia yake usizichapishe. Chora ndege wako.

Watoto wangu wanne wanataka kufungua chapa pamoja nyumbani kwangu, na mashini ni zangu. Ninaogopa wagombane. Waandikishe nini? — Mama, Ruashi

Mama, mashini zako kwanza. Andika karatasi ya kuazima: aina, namba ya mashini, anayetengeneza ikiharibika ni nani, na inarudi lini. Bila karatasi hiyo, siku ya kugawana zitahesabiwa mali ya biashara.

Kongo iko ndani ya sheria za OHADA, sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, tangu Septemba 2012. Watoto wakiuza pamoja bila kuandikisha, mahakama inaweza kuwahesabu ni kampuni iliyojiunda yenyewe, na hapo kila mmoja anadaiwa deni lote kwa mali yake binafsi, hata deni aliloingia mwenzake. Hadhi ya entreprenant, yaani mjasiriamali mdogo, ni ya mtu mmoja, haiwezi kubeba wanne. Kinachowafaa ni SARL, kampuni yenye dhima yenye kikomo, inayoandikishwa kwenye Guichet Unique, ofisi ya kuandikishia biashara: kila mmoja anahatarisha kile alichotia tu. Tena katika SARL, mmoja hawezi kumuuzia mgeni hisa zake bila wingi wa ndugu waliobaki, wenye robo tatu za hisa zilizosalia, kukubali. Kinga hiyo ni nzuri siku shemeji atakapokuja na fedha.

Tahadhari kwa yule anayeleta mikono tu. Mchango wa kazi hauhesabiwi kwenye mtaji, kwa hiyo fundi hodari wa nyumba anaweza kujikuta nyuma ya ndugu aliyeleta dola mia mbili. Wamtafutie fedha kidogo atie, au waandike haki yake kwenye katiba ya kampuni kwa maneno kamili.

Mengine yaandikwe hata kwa mkono. Meneja ni mmoja, ila matumizi yanayozidi kiasi fulani, tuseme dola 150, yatiwe sahihi mbili. Kila mmoja alipwe kwa saa au kwa kipande alichoshona, na faida igawanywe mara moja kwa mwaka, si kila Jumamosi. Matanga na harusi ziwe na mstari wake, wenye kikomo cha mwezi. Hapo ndipo sanduku za ndugu hutoboka. Jina la chapa liandikishwe kwenye wizara ya viwanda. Cheti cha OAPI, shirika la hakimiliki za ubunifu na chapa la nchi kadhaa za Afrika, hakiwasaidii, kwa sababu Kongo si mwanachama wake.

Manyoya mekundu ya mkia wa kasuku kwenye kofia, ndiyo au hapana? — Wandugu wa Katuba, tena

Hapana. Kasuku wa kijivu yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 2017, na kofia hiyo haivuki mpaka wa Kasumbalesa. Chukueni manyoya meupe ya jogoo, myaoshe kwa sabuni, mtie kwenye maji ya moto yasiyochemka yenye rangi ya asidi (ile ya kutilia sufu) na vijiko viwili vya siki kwa lita, nusu saa. Kwenye manyoya siki inafanya kazi. Rangi ya chakula inashika pia, lakini jua la Lubumbashi litaipausha, basi itumieni kwa kofia za jukwaani peke yake.